Vipindi Ishirini na Viwili vya Refa

Viatu viliwekwa juu ya meza ya Inspekta soli zikitazama dari, na mwanamke aliyeviweka hakuketi mpaka alipoambiwa mara ya pili.

"Tazama chini yake," alisema.

Inspekta alitazama. Vilikuwa viatu vyeusi vya turubai, vya kufungwa kwa mikanda, vya mguu mkubwa wa mwanamume. Soli zilikuwa nyeupe pe, na kwenye kisigino cha kushoto karatasi ya namba ilikuwa ingali imeganda kama ilivyotoka dukani.

"Viatu vyake vya kwanza vilianza kumbana miguu ilipovimba," mwanamke aliendelea. "Kocha, yule mtaalamu wa viungo wa wodi, akaniagiza nilete vipya kabla hajamsimamisha tena, maana mdogo wangu hahisi miguu, angechubuka asijue. Nikavileta Jumapili. Sasa isome kadi yao, kuanzia Jumatatu ile."

Kadi ya mazoezi ilikuwa mezani tayari. Tangu Jumatatu hiyo hadi siku moja kabla ya kifo, mkono uleule ulikuwa umeandika mara ishirini na mbili: *Amesimamishwa kwenye meza, dakika arobaini.* Meza hiyo humwinua mgonjwa aliyefungwa mikanda mpaka asimame, na ubao wake wa kukanyagia umefunikwa mpira mweusi wenye kukwaruza, nao huacha alama kwenye kila kinachoukanyaga. Inspekta aliufahamu, kwa kuwa alikwenda kuupapasa kwa mkono wake siku iliyotangulia, na kiganja kilirudi kimechafuka.

Kando ya kadi ilikuwapo ripoti ya daktari aliyeuchunguza mwili. Damu iliganda katika mshipa wa paja la kulia, kipande kikakatika na kupanda hadi mapafuni. Marehemu, mchimba visima wa miaka hamsini na mmoja aliyeangukiwa na ukingo wa kisima na kuvunjika shingo, alikata roho asubuhi akiwa anasubiri chai.

"Sitaki pole, na sitaki mtu anililie," alisema dada wa marehemu. Alikuwa na umri wa miaka sitini na kitu, mgongo umepinda, macho makavu. "Nataka kujua jambo moja tu. Ndugu yangu aliachwa kitandani kama gunia, au hakuachwa?"

"Nitakujibu, mama. Lakini jibu nitakalolipata ndilo nitakalokupa, hata likiwa chungu."

"Nimezika wazazi wawili na mume. Chungu nakijua."

*

Wodi ya walioumia uti wa mgongo ilikuwa mwisho wa ujia mrefu, mahali ambapo miguu ya wapitao haisikiki bali magurudumu. Juu ya mlango wa ukumbi wa mazoezi palibandikwa kanuni za wodi, na Inspekta, ambaye hakuwahi kulipita tangazo bila kulisoma, alizinakili katika daftari lake. Kila mgonjwa atapewa vipindi arobaini. Kipindi cha mgonjwa mmoja hakihamishiwi kwa mwingine. Mgonjwa atakayekataa vipindi vitatu atatoa kitanda. Wagonjwa walikuwa kumi na wanne, mtaalamu wa viungo mmoja, meza ya kusimamishia moja.

Muuguzi mkuu, ambaye wodi nzima ilimwita Sista, alimpokea akiwa amesimama.

"Marehemu mlimwita Refa. Kwa nini?"

"Wakigombania redio, yeye ndiye mwamuzi. Mikono yake ilikuwa haiinuki vizuri, lakini akimkodolea mtu jicho, mtu huyo anarudi kitandani mwenyewe." Sista alitabasamu. "Hata mimi alinipa kadi nyekundu siku moja kwa kuchelewesha chai. Akaniambia, 'Sista, toka nje ya uwanja, na chai uiache.'"

Tabasamu lilimkauka usoni, akaanza kunyoosha shuka ambalo halikuwa na kikunjo.

"Na Kocha ni mtu wa namna gani?"

"Anafika mapema na kuondoka amechelewa."

"Sikuuliza saa zake."

"Ni mtu asiyejua kukataa, Inspekta. Ukimwomba, umempata."

Inspekta aliandika neno kwa neno, kisha akamtafuta mhudumu wa viti vya magurudumu. Huyo alikuwa mwanamume mnene mwenye fulana iliyolowa jasho, aliyekuwa akijaza upepo gurudumu la mbele.

"Katika wiki hizi za mwisho, kulikuwa na kipindi kila siku?"

"Kila siku ya kazi, saa nne kamili, nilisukuma kiti kutoka chumba namba tatu hadi ukumbini. Saa tano kasoro nikakirudisha. Kama nadanganya, magurudumu haya yapite juu yangu."

"Kiti kilikuwa na mtu?"

"Ala! Kwani kiti kitupu kingehitaji mimi? Ningekiacha kiende chenyewe, nikapumzishe kiuno."

Hapo uchunguzi ulikwama. Kadi ilisema vipindi vilifanyika. Mhudumu alisema vilifanyika, naye alisema bila kumeza mate. Soli za viatu zilikana.

*

Kocha aliitwa katika chumba cha dawa. Alikuwa mtu mrefu wa miaka arobaini hivi, mwenye mikono mikubwa ambayo hakujua aiweke wapi.

"Ulimsimamisha Refa mara ngapi?" aliuliza Inspekta.

"Kadi inasema arobaini."

"Kadi nimeisoma. Nakuuliza wewe."

"Kadi niliiandika mimi."

"Katika vipindi ishirini na viwili vya mwisho, alivaa viatu gani?"

Kocha aliitazama mikono yake. "Soksi."

"Mtu asiyehisi miguu, umsimamishe kwa soksi juu ya mpira unaokwaruza? Na wewe ndiye uliyemhimiza dada yake alete viatu?"

Nje, mtu alicheka kwa sauti kisha akanyamazishwa.

"Andika, Inspekta," alisema Kocha. "Andika kwamba sikumsimamisha, nikaandika uongo. Nitatia saini."

"Unafahamu maana yake? Ni uzembe uliosababisha kifo. Ni jela, na hutamgusa mgonjwa tena maishani mwako."

"Nafahamu."

Katika miaka thelathini ya kazi, Inspekta alikuwa amekutana na watu wa aina mbili wanaokiri kabla ya kubanwa: waliochoka kukimbia, na wanaomfunika mtu mwingine. Kocha hakuwa na dalili ya kuchoka. Inspekta alifunga daftari bila kuandika kukiri kule, akamwambia asitoke hospitalini.

Alibaki peke yake na kadi. Aliisoma upya kuanzia mstari wa kwanza, safari hii akiyaacha maneno na kushika tarakimu. Kanuni ya ukumbi iliagiza presha ya mgonjwa ipimwe mara tatu katika kila kipindi: akiwa amelala, meza ikiwa nusu, na meza ikiwa imesimama. Katika vipindi kumi na vinane vya kwanza, presha ya Refa ilianza kwenye tisini na kitu, ikateremka hadi themanini, ikateremka tena hadi sabini. Mara nne palikuwa na maneno: *Amezimia, amelazwa.* Kipindi cha kumi na tisa kilianza na mia na ishirini na mbili. Meza ilipoinuliwa, ikawa mia na kumi na nane. Iliposimama, ikawa mia na kumi na nane bado. Na hivyo ndivyo ilivyokwenda hadi mwisho, ikipanda kidogo leo, ikishuka kidogo kesho, bila mtu kuzimia.

Inspekta alimwita Sista, akamwekea kidole juu ya mstari.

"Mtu aliyevunjika shingo, presha yake yaweza kubadilika hivi kati ya Ijumaa na Jumatatu?"

Sista alivaa miwani. "Kwa Refa? Hii ingekuwa hatari. Kwake presha ikifika hapa, ujue mpira wa mkojo umeziba au kuna kitu kinamsumbua mwilini. Jasho lingemtoka, kichwa kingempasuka, ningeitwa mbio. Isingetulia hivi wiki nne." Alivua miwani. "Hii ni presha ya mtu aliyeumia chini zaidi. Kiunoni."

"Basi hazikutungwa," alisema Inspekta. "Anayetunga angefuata zile za zamani: tisini na mbili, tisini na nne, nani angemshtukia? Huyu alifunga kitambaa cha presha kwenye mkono wa mtu, akapuliza, akasoma, akaandika alichokiona. Jina aliweza kulidanganya. Kipimo hakuweza."

"Mkono wa nani, sasa?"

"Kiti kilitoka chumba namba tatu. Chumba namba tatu kina vitanda vingapi?"

Sista aliirudisha miwani mfukoni. "Viwili," alisema kwa sauti ndogo.

Kadi ya kitanda cha pili ililetwa. Ilikuwa ya fundi paa wa miaka thelathini, aliyeteleza kwenye mabati yaliyolowa na kuangukia kiuno. Vipindi vyake arobaini vilimalizika Ijumaa ile. Presha yake ya mwisho ilikuwa mia na ishirini. Karibu na saini ya mwisho palikuwa na maneno manne yaliyoandikwa kwa kalamu iliyokandamizwa sana: *Kidole gumba kushoto kimecheza.*

Mhudumu wa viti aliitwa tena.

"Uliyekuwa ukimsukuma saa nne alikuwa nani?"

"Fundi," alijibu bila kusita. "Asubuhi hukuuliza nani, Inspekta. Uliuliza kama kiti kina mtu."

Inspekta aliona haya, naye hakuificha. "Kosa ni langu," alisema, akaliandika.

*

Kocha alipoziona kadi mbili zimelazwa sambamba, alikalia ukingo wa meza kama aliyekatwa maini.

"Nani alianzisha?" aliuliza Inspekta.

"Refa. Ijumaa ile jioni aliniita. 'Kocha, fanya mabadiliko,' akaniambia. 'Nitoe mimi, umwingize huyu.' Nikadhani ni utani wake wa siku zote. Nikamwambia, tulia, mechi bado. Akasema, 'Mimi ukinisimamisha naona nyota, unanilaza. Yeye ukimsimamisha anaona kwao.'"

"Ukakubali."

"Nilikataa Jumamosi. Nilikataa Jumapili. Jumatatu asubuhi akaniambia nikija kumchukua atajifanya amezimia kabla sijamfunga mikanda." Kocha alijifuta uso kwa kiganja. "Kidole kilikuwa kimeanza kucheza, Inspekta. Kikao cha madaktari, kinachoamua nani aongezewe vipindi, kilikuwa mbali. Fundi angelala mwezi mzima akisubiri, na misuli ile ingekufa."

"Ungeandika ukweli."

"Kipindi hakihamishiwi. Na Refa angeandikwa amekataa. Mara tatu, kitanda kinakwenda. Angepelekwa wapi? Kwa dada yake ambaye mwenyewe hawezi kuinua ndoo?"

"Na miguu ya Refa? Ulijua damu huganda."

"Nilijua. Nilisema nitamnyoosha kitandani baada ya kazi. Nusu saa tu, kila jioni."

"Ulimnyoosha?"

"Siku nilizoweza."

"Ngapi?"

Kocha aliinamisha kichwa. "Tisa. Katika ishirini na mbili, tisa."

Inspekta aliiandika tisa hiyo kwa herufi na kwa tarakimu, kama alivyofunzwa kuandika jambo litakalosomwa mbele ya hakimu.

"Fundi anajua?"

"Nilimwambia hospitali imemwongezea. Tafadhali usimwambie. Tangu Refa afariki, siku ya nne leo, hajashuka kitandani. Anasema ana homa, na homa hana. Kikao ni wiki ijayo. Wakimkuta amelala, watamrudisha nyumbani alivyo. Akijua vilikuwa vya nani, atakaa chini asiinuke tena. Nifunge mimi."

"Bila maelezo ya Fundi, faili litasema ulimtelekeza mgonjwa hadi akafa. Yakiwepo, litasema uliandika kazi ya kweli chini ya jina lisilo lake, na ukamnyoosha marehemu siku tisa. Tofauti yake ni miaka."

"Ni miaka yangu, Inspekta."

"Yupo mama aliyeniuliza swali," alisema Inspekta akiinuka. "Sina ruhusa ya kumpa nusu ya jibu."

*

Katika chumba namba tatu godoro la kwanza lilikuwa tupu, limekunjwa. Kwenye kitanda cha pili, Fundi alilala ameelekea ukutani. Inspekta alivuta kiti, akajitambulisha, akauliza lililomleta bila kulizungusha.

"Nani alikuambia umeongezewa vipindi?"

"Kocha."

"Ulimwamini?"

Fundi aliuambia ukuta.

"Siku tatu za mwanzo."

"Siku ya nne kulitokea nini?"

"Kiti kilipokuja nilimwona Refa anaitazama saa ya ukutani. Saa nne ilikuwa saa yake. Nimekaa naye miezi mitatu hapa, ratiba yake naijua kuliko yangu. Kisha akaona namtazama. Kugeuka hawezi, shingo ile. Akafumba macho tu, eti amelala. Mtu aliyekuwa ananitania dakika moja nyuma."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza. Nikasema nitasema kesho. Kesho yake kidole cha kulia kikacheza. Nikasema basi kesho. Kesho goti likashika. Kila kesho ilinikuta na kitu kipya mguuni, Inspekta, na mimi nina mtoto ambaye sijawahi kumbeba nikiwa nimesimama." Mabega yake yalianza kutikisika. "Jioni ananiuliza, 'Matokeo?' Namwambia, 'Hatua mbili, Refa.' Anacheka mpaka anakohoa. Siku ya mwisho nilimwambia saba. Akasema nimwambie tena. Saba, Refa. Asubuhi yake akasema kifua kinambana, nikadhani ni utani. Nilikuwa hapa. Nikapiga kelele. Kuinuka nilishindwa, na fremu ya kutembelea ilikuwa ukumbini."

Inspekta alimwacha mpaka alipotulia.

"Nikisema haya yote, Refa atarudi?" aliuliza Fundi.

"Hatarudi. Lakini Kocha hatafungwa kwa kosa asilolitenda. Lile alilolitenda atalijibu."

Fundi alijigeuza taratibu kwa mikono, mguu wa kushoto ukifuata wenyewe, akaomba kalamu. Maelezo yake yalijaza kurasa tatu. Alitia saini kila ukurasa.

*

Dada wa marehemu alikuwa amekaa kwenye benchi la ujiani. Inspekta aliketi kando yake, akamsomea kutoka daftarini kwa mpangilio, pamoja na tisa, pamoja na saba. Hakuruka mstari.

"Kwa hiyo hakuachwa," alisema mama yule.

"Hakuachwa, mama. Alitoa. Daktari hawezi kuapa kwamba vipindi vile vingeizuia damu isigande, wala hawezi kuapa kwamba visingeizuia. Kosa la Kocha nimeliandika, nalo litafika mahakamani."

Mwanamke aliipangusa kanga yake magotini kwa viganja vyote viwili, mara mbili, mara tatu.

"Mimi nimevunja ukuta," alisema. "Mlango wa chumba ulikuwa mwembamba, kiti kisingepita. Nimemleta mwashi, tumevunja, tumeweka mlango mpana. Nilikuwa sijamwambia. Nilisema Jumapili ijayo nitamwambia." Macho yake, yaliyokuwa makavu tangu asubuhi, yalijaa. "Yeye alidhani mimi ni mzee, atanilemea. Hakuniuliza. Maisha yake yote alikuwa haniulizi."

Inspekta alifunga daftari.

"Huyo kijana yuko wapi?"

"Ndani."

Inspekta alitembea mbele yake hadi chumba namba tatu. Kocha na Sista, waliokuwa ujiani, walifuata bila kuitwa. Mama alipita kando ya godoro lililokunjwa bila kuligusa, akasimama miguuni pa kitanda cha pili.

"Wewe ndiye?"

"Ndiye, mama." Fundi alijaribu kumtazama, akashindwa.

"Inuka."

"Mama, ana siku nne hajashuka," Sista alianza, lakini Kocha alikuwa tayari amekwenda ukumbini, akarudi na fremu. Aliiweka mbele ya kitanda, akapiga magoti, akamvika Fundi viatu vyake vilivyochakaa, kisha akarudi nyuma hatua moja, mikono mikubwa wazi.

Fundi alishika vyuma. Mara ya kwanza alirudi kitandani kwa kishindo. Mara ya pili mikono ilimwinua, kiuno kikanyooka, na goti la kushoto likashika. La kulia likafuata likitetemeka. Alisimama. Jasho lilimchuruzika kwenye panja.

Mama hakumtazama usoni. Aliyatazama magoti yale, moja kisha jingine, kwa muda mrefu, huku machozi yakimteremka bila yeye kuyafuta. Fremu ilianza kugongagonga sakafuni kwa mtetemo.

"Mama," Fundi alisema kwa shida, "naweza kukaa?"

"Sijakusamehe," alimjibu. "Usikae kwanza."